Mwacha Mila na Muuza Mila

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi, na kila mwaka walikuwapo wanafunzi walioipinga katika mdahalo. Swali moja, hata hivyo, sikupata kulisikia darasani: Je, yule asiyeiacha mila yake bali anaiuza, tumwiteje? Naye pia ni mtumwa?

Swali hili, ndugu msomaji, limeniletwa na kisiwa kidogo nisichopata kukikanyaga, ninachokijua kwa vitabu na picha tu. Kinaitwa Janitzio, nacho kimo katika Ziwa Pátzcuaro, jimbo la Michoacán, nchini Meksiko. Ziwa lenyewe liko nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wenyeji wake ni Wapurépecha, watu waliokuwa na dola yao kabla ya kuja kwa Wahispania.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba, akina mama wa Janitzio huenda makaburini na vikapu vya chakula. Hutandika vitambaa juu ya makaburi, huyapamba kwa maua ya rangi ya machungwa yaitwayo cempasúchil, huwasha mishumaa, kisha hukesha hadi alfajiri. Huweka mikate, matunda, na vyakula alivyovipenda marehemu. Chakula kimojawapo cha huko ni corunda, yaani unga wa mahindi uliofungwa katika majani ya muhindi na kupikwa kwa mvuke. Watoto waliofariki wana kesha lao, asubuhi ya tarehe 1. Imani ya wenyeji ni kwamba roho hurudi nyumbani siku hizo, na si adabu kumpokea msafiri wa mbali mikono mitupu.

Lakini siku hizi hawaji wafu peke yao. Watalii kwa maelfu huvuka ziwa kwa mashua, na wengine hupita na kamera baina ya makaburi huku wafiwa wameinamisha vichwa. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza sherehe za wafu za wenyeji asilia wa Meksiko katika orodha ya urithi wa binadamu, na heshima hiyo haikupunguza wageni.

Kisiwa hicho kina mila nyingine. Zamani wavuvi wake walivua kwa mitumbwi na nyavu zenye mbawa mbili kama kipepeo, wakitafuta samaki mweupe wa ziwa lile. Uvuvi wa kupita kiasi, uchafu wa maji, na samaki wa kigeni waliopandikizwa ziwani vikamfanya samaki huyo awe adimu. Katika miaka ya 1990 noti ya peso 50 ilikuwa na picha ya wavuvi hao, lakini tayari nyavu zao ziliinuliwa zaidi kwa ajili ya wapiga picha kuliko kwa ajili ya samaki. Hata leo mvuvi huziinua mbele ya mashua ya watalii, kisha hupewa chochote.

Basi, tuwahukumuje hawa wawili, mama wa kaburini na mvuvi wa picha? Wote wanatazamwa, na wote wananufaika, maana wageni hula, hulala na kununua. Wahenga hao hao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siwezi kumlaumu mtu anayelisha watoto wake kwa jasho halali. Wala mvuvi hakuiacha mila yake. Samaki ndiye aliyemwacha.

Hata hivyo wametofautiana. Wageni wasipokuja, mvuvi hana sababu ya kuinua wavu ule. Wageni wasipokuja, mama bado ana mtu wake kaburini, na mshumaa atauwasha. Nionavyo mimi, kipimo cha mila ni hiki: je, ungelifanya jambo hili kama asingekuwapo wa kukutazama? Fedha peke yake haimfanyi mtu mtumwa. Utumwa utaingia Janitzio siku mama atakaposubiri mashua zitie nanga ndipo awashe mshumaa wake.

Mgeni naye ana wajibu. Anayemulika uso wa mfiwa kwa kamera anamfundisha, pole pole, kuomboleza kwa ajili ya kamera. Afadhali akae mbali kidogo, avue kofia, anyamaze.

Nimekwisha kupita miaka sabini, na jambo hili kwangu si la mdahalo tena. Mtu wa umri wangu hujiuliza ni nani atakayelipalilia kaburi lake. Sitaki umati. Akija mmoja, bila shahidi, akakumbuka nilichopenda kula, huyo atakuwa ameishika mila.