Mwana Akirudi Krismasi, Je, ni Mgeni?



Likizo ya Desemba inapokaribia, katika nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo watu huanza kuhesabu watakaokuja. Wanafunzi wa bweni watarudi na masanduku yao. Walioko Mwanza, Tabora na Dar es Salaam watashuka kwenye mabasi na mabegi makubwa, na bibi atakuwa amekwisha kumfunga jogoo kamba mguuni, asije akapotea siku hizi za hatari. Katika furaha hiyo yote limo swali moja ambalo ningependa tulifikiri pamoja, maana naona huleta manung'uniko mengi kuliko watu wanavyokubali kusema: mwana wa nyumbani akirudi kwa sikukuu, je, ni mgeni au ni mwenyeji?

Mwingine atasema swali hili ni dogo. Si dogo. Sikukuu ya Kuzaliwa kwake Bwana wetu huangukia wakati mgumu hapa kwetu milimani. Mvua zilianza Oktoba, mahindi yako shambani yanangoja palizi, na magugu hayana likizo. Akiba ya mavuno yaliyopita inaelekea mwisho. Hivyo nyumba hupata midomo mingi katika mwezi ule ule ambao mikono inatakiwa shambani. Laiti Krismasi ingekuwa Julai, baada ya mavuno, tungekula na kupumzika bila kuulizana maneno. Lakini ni Desemba, na hapana budi mtu apalilie na mtu apike.

Methali twaijua sote: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kwa mzaha, kumfukuza kwa adabu mtu aliyekaa mno. Mimi naona ina maana nyingine pia. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba shamba hili ni lake pia. Mgeni hatumdai cho chote, na kwa sababu hiyo yeye naye hawezi kutudai mengi.

Nachukua mfano wa nyumba moja, wala sitaitaja. Kijana alifika kutoka mjini tarehe 22. Alileta vitenge viwili, sukari, mafuta ya kupikia na shati la baba yake. Siku zote za sikukuu alikaa chini ya mwembe na simu yake, akiletewa maji ya kuoga. Tarehe 27 alfajiri baba akaegemeza jembe mlangoni pake. Kijana akaudhika, akasema, "Baba, kila mwezi natuma fedha. Zile fedha ndizo jembe langu." Mzee akajibu, "Fedha zako tunazipokea, na Mungu akubariki. Lakini fedha hata mtu baki aweza kunitumia."

Tusimcheke kijana huyu, maana neno lake lina uzito. Fedha ile ni jasho lake, na huenda mjini hali chakula cha mchana ili aitume. Tena jambo hili si jipya kwetu. Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya kwenda kutafuta kazi mbali ilifunguka, na kwa miaka mingi wanaume wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge Tanga. Baada ya mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na chombo chao cha kuandikisha watu, SILABU, na nchi ya Waha ilikuwa miongoni mwa mahali kilipowapata wengi. Waliitwa manamba, neno lililotokana na namba, kwa kuwa mtu huko alijulikana kwa namba yake. Aliporudi na blanketi na sanduku la bati, alirudi pia kwenye jina lake.

Lakini jina hilo lilikuwa limetunzwa na nani? Miaka yote ile mke alilima, akauguza, akazika, akawapeleka watoto kubatizwa. Fedha ya mkonge ilisaidia kulipa kodi, ila moto haukuzimika kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuuchochea. Kwa hiyo katika shauri la mzee na mwanawe naona mzee alikuwa na haki. Kama angeliacha jembe ndani na kuendelea kupeleka maji ya kuoga, angekuwa amekubali kimya kimya kwamba mwanawe si wa hapa tena.

Ye yote anayeishi Kasulu anaweza kupima jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi ya kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo, nao wakajilisha wenyewe. Na kuanzia mwaka 2014 zaidi ya 150,000 kati yao na watoto wao wakapokea hati za uraia wa Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, hapa hapa wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na huko mambo yalikuwa mengine: chakula cha mgawo, na kutoka nje kwa kibali. Watoto waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi. Sizungumzi juu ya siasa. Nchi ina sababu zake. Nasema tu kwamba mtu anaweza kulishwa miaka mingi na asisikie hata siku moja kwamba amefika kwao.

Sasa nafika mahali pagumu. Katika nyumba ile ile ya mzee, dada yake kijana, naye ni mwalimu na naye hutuma fedha, alifika tarehe 23. Aliweka begi chini, akavua viatu, na kabla ya jua kutua alikuwa jikoni akipuliza moto. Hakuna aliyemhesabia siku mbili. Wala hakuna aliyeona kuwa kuna jambo la kuona. Niliposimulia habari hii katika kikundi chetu cha Biblia, ndugu mmoja alicheka akasema, "Basi ikiwa jembe ni heshima, binti amepata heshima mapema kuliko kaka yake!" Wanaume tukacheka. Akina mama hawakucheka.

Nimelifikiri sana jibu la ndugu yule, maana kwa mantiki linaonekana kunifunga. Lakini methali ina sehemu mbili, naye ameikata ya kwanza. Jembe ni heshima linapokuja baada ya siku mbili za kukaliwa kitako, kuulizwa habari za safari na kupewa paja la kuku. Hapo ndipo mtu ajua kwamba alipendwa kabla hajafanya kitu. Asiyepewa siku zile mbili hakupokewa. Amerudishwa kazini tu. Kijana alipewa siku mbili zikawa tano, na dada yake hakupewa hata saa mbili. Wote wawili walipunjwa, ingawa yeye wa pili ndiye aliyechoka.

Wako pia mabinti wetu walio kazini katika nyumba za watu mijini, ambao Krismasi kwao ndiyo siku ya vyombo vingi zaidi. Wengine hawaruhusiwi kuja kabisa. Nyumba inayompenda Bwana ingempa msichana wa kazi siku zake na nauli yake, hata kama mama mwenye nyumba atapika mwenyewe wiki moja.

Na mama je? Kila mara tusomapo Luka 10 twamlaumu Martha kwa shughuli zake nyingi, kisha twatoka kanisani na kuuliza kama chakula kiko tayari. Mama ndiye mtu pekee nyumbani ambaye hakuna anayemtazamia afike, kwa kuwa hajaondoka. Lakini naye ana kwao. Wengi wa mama zetu waliolewa mbali kidogo, na wengine bado wana wazazi, au kaka aliyebaki katika boma la zamani. Baada ya sikukuu, wana wakiwa wote wako nyumbani na mikono yao ipo, ingewezekana kumpandisha mama basi kwenda kwao. Huko atakuwa mgeni siku mbili, na siku ya tatu mama yake atampa jembe. Nani atasonga ugali huku nyuma, na nani atakwenda kisimani, kijana na dada yake wanaweza kupatana wenyewe kabla basi halijaondoka.