Je, Baraka Hutumwa?

Siku hizi mtoto akizaliwa mjini, habari huwafikia jamaa wote kabla mama yake hajatoka hospitali. Juma halijaisha, fedha nazo zimekwisha ingia kwa njia ya simu: za mjomba aliyeko Mwanza, za baba mdogo aliyeko Mtwara, za binamu aliye ng'ambo. Kila mmoja hueleza kwamba kazi zimembana, hataweza kufika, ila ametuma baraka zake. Neno hilo limekuwa jepesi vinywani mwetu, na ni nadra mtu kulisimamisha akaliuliza limebeba nini. Je, baraka ni kitu kiwezacho kutumwa? Na ikiwa hakiwezi, ndugu asiye na nauli tumweke wapi?

Tuanze kwa kutazama jinsi watoto wanavyobarikiwa hasa katika nchi yetu. Kwa Waislamu wa mwambao mtoto huadhiniwa sikioni, huonjeshwa tende iliyolainishwa kinywani mwa mkubwa, na siku ya saba hunyolewa nywele na kuchinjiwa akika. Nyama ya akika hukatwa penye viungo bila kuvunja mifupa, kwa kumtakia mtoto mwili mzima. Kwa Wamasai, mzee humtemea mtoto mate. Mgeni asiyejua huweza kukasirika, kumbe hiyo ni heshima kubwa. Wakristo wanaobatiza watoto wachanga huwatia maji kichwani, na Wakatoliki huwapaka mafuta matakatifu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, iliyotumika hadi 1983, ilimruhusu msimamizi wa ubatizo asiyeweza kufika awakilishwe na mtu mwingine, lakini iliagiza kwamba yeye au mwakilishi wake amshike mtoto au amguse. Uwakilishi uliruhusiwa; mkono haukusamehewa.

Sauti sikioni, tende, mate, maji, mkono. Imani hizi zimetoka pande zilizo mbalimbali, wala si kazi yangu hapa kuzipima. Ninachotaka tukione ni kwamba kila moja imeutaka mwili uwe karibu na mwili. Pongezi huweza kupelekwa, zawadi kadhalika. Lakini hakuna desturi hata moja kati ya hizi inayotimia bila mtu kumkaribia mtoto.

Hapo ndipo safari inapoingia. Wengi hudhani kwamba jamaa kufunga safari kwenda kumbariki mtoto ni mila ya tangu kale. Sidhani hivyo. Kwa mababu zetu wengi mtoto alizaliwa pale pale penye ukoo. Bibi alikuwa ng'ambo ya migomba, na aliyetoka mbali alitoka kijiji cha pili. Safari ndefu imeletwa na kazi za mshahara: mashamba ya mkonge ya Tanga, reli iliyofika Moshi kabla ya Vita Kuu ya 1914, na baadaye viwanda na ofisi za Dar es Salaam. Basi hatuwezi kuitetea kwa kusema tu kwamba ndivyo wazee walivyofanya. Mwalimu Julius Nyerere, alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana Desemba 1962, alitaka itafutwe mila iliyo bora kutoka makabila yote iwe sehemu ya utamaduni wa taifa. Palipo na kutafuta kilicho bora pana kuchagua, na kuchagua hudai sababu.

Chukua mfano wa familia ya Dar es Salaam iendayo Moshi kubatiza mtoto wakati wa Krismasi, kama zifanyavyo familia nyingi za Kichagga. Njia inazidi kilomita 500. Watu kumi na wawili wamebanana katika gari lililokodiwa, na miguu ya watoto iko juu ya magunia. Wanapita Chalinze kukiwa bado na ubaridi wa asubuhi, Segera wanashuka kunyoosha viungo, Korogwe mistari ya mkonge inawakimbia dirishani, Mombo wanakula. Kutoka hapo milima ya Usambara, kisha ya Upare, huwafuata upande wa kulia hadi Same. Shangazi huomba gari lisimame mara kwa mara, na hakuna athubutuye kuguna. Huyo huyo ndiye awaelezaye vijana nani ni mtoto wa nani, na jina atakalopewa mtoto lilikuwa la mtu wa namna gani. Shemeji wawili wasiosemezana tangu ugomvi wa shamba hujikuta wakigawana kiti kimoja na chupa moja ya maji. Yamkini wasipatane. Lakini watafika wakiwa wamechoka pamoja.

Uchovu huo si hasara ya safari. Ndio ushahidi wake. Katika shida ya mafuta ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Aliyekwenda kwenye ubatizo kwa gari lake alikuwa na mawili: kuondoka mapema, pengine kabla ya karamu kwisha, au kulala hadi Jumatatu. Aliyelala alitoa kitu ambacho hakuna mshahara utakaomrudishia. Na alimpa nani? Alimpa mtoto asiyejua kushukuru, asiyekumbuka, asiye na cha kulipa. Tena aliyempakata mtoto mbele ya ukoo amejitia kitanzini kwa hiari. Miaka kumi na minne baadaye, sare na madaftari yakikosekana, hawezi kusema hamjui. Aliyetuma fedha amelipa deni, aliyekuja ameliingia. Tofauti hiyo ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha jambo lote.

Najua nitakavyojibiwa: mkono mtupu haulambwi. Mbuzi hanunuliwi kwa machozi ya furaha. Isitoshe, muuguzi aliye zamu na askari aliye mpakani hawakuchagua kukosa. Ni kweli, wala sitaki waone haya. Walichotuma ni msaada, na msaada ni jina zuri; tuliache lisimame lenyewe. Tunapouita baraka tunajipa ruhusa ya kuona kwamba hakuna kilichobaki kufanywa.

Swali gumu zaidi ni la maskini. Nimepata kuketi katika kikao cha matayarisho ambamo karibu saa mbili zilikwenda kwa sare, muziki na keki. Nauli ya bibi mzaa baba, aliyekuwa kijijini, ilitajwa na kijana mmoja watu walipokuwa wakisimama kuondoka. Bibi huyo hakuwa na fedha wala simu. Alikuwa na jina ambalo mtoto angepewa, na mikono. Kama kinachobariki ni kufika, basi nauli ya mzee kama huyu ndiyo ya kwanza kuandikwa katika orodha ya michango. Iandikwe kabla ya kipaza sauti, na hata kabla ya mbuzi wa pili wa akika ya mtoto wa kiume, ambaye asiye na uwezo haandamwi kwa ajili yake. Ukoo unaomwacha bibi nyumbani ili karamu ipendeze umenunua ganda ukaiacha punje, hata kama wageni walishiba.

Wapo pia ambao nauli haiwasaidii: miguu imekataa, au macho. Kwa hao desturi ina jibu ambalo tumeanza kulisahau. Mama akiisha pata nguvu, mtoto ndiye asafiriye. Hufika baada ya miezi mitatu au sita, shughuli ikiwa imekwisha sahauliwa mjini, akiwa mgongoni mwa mama yake ndani ya basi la kawaida. Huko hakuna sare. Yuko bibi kizee juu ya mkeka, amwitaye mjukuu wake "mume wangu", akimpapasa uso kwa mikono miwili taratibu, paji, pua na kidevu, ili ajue amefanana na nani.