Malkia wa Chungu na Mlezi Wake



Mvua zinyeshapo baada ya kiangazi, chungu wenye mabawa hutoka mashimoni kwa wingi, nao watoto wetu huwafuata na mikebe na chupa. Katika Mithali, sura ya 6, mvivu anaagizwa aende akajifunze kwa chungu. Basi tusimcheke mtoto aletaye nyumbani malkia wa chungu na kuuliza jinsi ya kumlea; amekwenda katika shule ile ile. Ila tumfundishe vema, maana kiumbe hai mkononi mwa mtu ni amana, na amana ina masharti yake. Tuyatazame matatu.

Kwanza, yampasa mlezi kumjua anayemlea. Wengi huokota kumbikumbi wakidhani ni malkia wa chungu. Kumbikumbi ni wa ukoo wa mchwa: kiuno chake ni kinene, vipapasio vyake vimenyoka, na mabawa yake manne yalingana urefu. Chungu ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele makubwa kuliko ya nyuma. Dume naye ana mabawa, lakini kichwa chake ni kidogo, na maisha yake ni mafupi. Malkia ana kifua kipana na tumbo kubwa. Akiisha kuyaondoa mabawa, makovu yake huonekana kifuani. Tena yuko siafu, ambaye malkia wake hana mabawa kabisa wala hawezi kuanza peke yake. Jamii mpya ya siafu hutokea pale kundi linapogawanyika. Ukimtenga na kundi, umemwua. Sisi tuliofundisha darasani twalijua jambo hili: yuko mtoto akuaye vizuri akiachiwa nafasi yake, na yuko mwingine anyaukaye akitengwa na wenzake. Asiyewapambanua huwaumiza wote wawili, hata kama nia yake ni njema.

Pili, yampasa mlezi kujua kuacha. Tumtazame malkia wa chungu wavunaji, wale wakusanyao mbegu za nyasi. Huruka, hupandana, na mbegu ya dume aliyoipokea humtosha maisha yake yote. Kisha huyaondoa mabawa, huchimba shimo na kujifungia humo. Hali kitu. Misuli iliyomrusha angani huyeyuka mwilini mwake, ikawa chakula cha watoto wake wa kwanza. Kwa hiyo anayemlea hutia maji kidogo katika kichupa chembamba cha kioo, kama vile vya maabara ya shule, huyazuia maji kwa pamba, humwingiza malkia, huziba mdomo kwa pamba nyingine, na kukiweka kichupa mahali pa giza na utulivu. Chakula hakihitajiki mpaka watenda kazi wa kwanza watoke, na hilo laweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi. Hapo ndipo hupewa mbegu ndogo ndogo. Lakini wanaoanza hawavumilii. Huchungulia asubuhi na jioni, hutikisa kichupa, humulika taa. Naye malkia akisumbuliwa huweza kuyala mayai yake mwenyewe.

Je, sisi hatufanyi hivyo? Kijana amepata kipaimara juzi, nasi twamdai matunda leo. Wawili wamefunga ndoa, na kila Jumapili twawauliza habari za mtoto. Mtu ameacha pombe kwa shida, nasi twamnusa pumzi mlangoni pa kanisa. Bwana wetu alitoa mfano wa mkulima aliyepanda, kisha akaendelea na siku zake, huku mmea ukiota kwa namna asiyoielewa. Yako mambo ambayo Mungu huyafanya gizani, na kazi yetu ni kuziba upepo na kungoja. Malkia mmoja wa chungu weusi wa Ulaya, Lasius niger, aliishi zaidi ya miaka 28 chini ya uangalizi wa mtu. Yaliyo marefu hivyo yaweza kuharibiwa na juma moja la papara.

Tatu, yampasa mlezi kujua kwamba kiumbe si mali yake. Mwezi wa Mei 2025 mahakama moja ya Nairobi iliwahukumu watu wanne, vijana wawili wa Ubelgiji, Mvietnam mmoja na Mkenya mmoja, kulipa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Walikutwa na chungu hai, wengi wao malkia wa Messor cephalotes, chungu mvunaji mkubwa. Hao Wabelgiji peke yao walikuwa na wapata 5,000. Chungu walikuwa wamefungwa katika vichupa vyenye pamba, tayari kwa safari ndefu. Ona basi: sharti la pili walilijua vema sana. Walichosahau ni swali la kwanza kabisa: huyu ni wa nani?

Tunawaambia vijana wetu waziwazi. Akija mtu akakuahidi fedha kwa kila malkia utakayemkamata, kumbuka kwamba yeye atapanda ndege, nawe utabaki hapa na hakimu. Tena kila malkia aliyepandana ni kijiji kizima ambacho hakijazaliwa, chungu ambao wangalieneza mbegu na kulegeza udongo wetu. Mtoto anayetaka kujifunza amfuate malkia mpaka shimoni, aweke kijiti cha alama, arudi baada ya majuma. Shule ikitaka kulea, iombe kwanza kibali kwa wenye mamlaka ya wanyamapori.

Mithali yasema pia kwamba chungu hana wa kumwamuru, na ni kweli. Huyu tunayemwita malkia hatoi amri yoyote. Ukuu wake ni kutoa mabawa yake na nguvu za mwili wake ili wengine waishi. Kanisa lamjua Mmoja aliyejitoa kuliko huyo. Mungu atupe kujua, kungoja, na kutonyakua.

Amina.