Herufi na Ahadi

Maneno ya kanuni hayajisomi yenyewe. Husomwa na watu, na kila msomaji huja na haja yake. Jambo hili hudhihirika mahakamani, lakini hudhihirika vilevile mahali ambapo wenye hekima hawatazamii kulitafuta, yaani katika mchezo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu wachache huketi kuzunguka meza. Kila mmoja huigiza shujaa, mchawi au kuhani, na mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi. Dadu huamua bahati, na kitabu huamua yawezekanayo. Jiwe likibishaniwa laweza kupimwa uzito. Uchawi hauna mizani. Kwa hiyo wabishanao juu yake hawana pa kuuliza ila katika maneno yaliyoandikwa.

Katika toleo la mwaka 2014 kuhani aliye mwanafunzi, kwa uchawi wa daraja ya kwanza, aweza kuumba maji safi hata galoni 10 ndani ya chombo kilicho wazi. Mchezaji mwerevu husema: mapafu ya adui ni chombo, na kinywa chake ki wazi, basi maji yaumbwe humo, adui afe. Hoja hii haina kosa la sarufi. Lakini kitabu kile kile kina uchawi wa daraja ya tisa, ambayo ndiyo ya juu kabisa, uuao kwa neno moja kiumbe mwenye alama za uhai zisizozidi 100. Na mchawi haufikii kabla ya ngazi ya 17. Ikiwa mwanafunzi aweza kuua yeyote kwa maji ya kunywa, bingwa amejifunza nini muda wote huo? Fasiri ya neno moja imebomoa nyumba nzima ili ipatikane tofali.

Ni nani aliyedhulumiwa hapo? Si adui, kwani adui ni wa kubuni. Aliyedhulumiwa ni mwenzi aketiye kando, aliyechagua upanga na kukubali kushiriki hatari, naye sasa hana la kufanya. Wote waliketi kwa mapatano kwamba maneno ya kitabu yatatumika kwa kuchezea pamoja. Ahadi ni deni, hata ikiwa ya mchezo.

Mwamuzi naye ana mtego wake. Uchawi mkuu kupita wote ni ule wa kuomba lolote, nao hupatikana pia katika pete yenye maombi matatu. Kitabu chaonya kwamba ombi lizidilo kiasi laweza kumgeukia mwombaji: aombaye hasimu wake awe amekufa aweza kutupwa katika zama za mbele, ambamo hasimu huyo hayupo tena. Onyo hilo ni haki, kwa kuwa limetangulia. Mwenye tamaa ameijua bei kabla ya kununua. Bali mtu akiomba wenzake waponywe majeraha, mwamuzi akajibu kwamba wamekufa, na maiti haumwi, huyo si mwamuzi tena. Ni mchezaji yule wa maji, ila amevaa joho.

Yamkini mtu atapinga: herufi ikiachwa, kitakachobaki ni matakwa ya mwamuzi. Hofu hii ina haki yake. Herufi ni ua limlindalo mnyonge. Bila hiyo rafiki wa mwamuzi angeshinda kila siku. Lakini kusudi la kanuni halitafutwi moyoni mwa mwamuzi. Hutafutwa katika kitabu kizima, kama ilivyotafutwa maana ya chombo kwa kulinganisha daraja ya kwanza na ya tisa. Tena mwamuzi hufungwa na hukumu yake: alilomkatalia kuhani leo, kesho halimfai kuhani wa adui.

Mchezaji naye na ajipime kwa kipimo hicho hicho. Je, ataikubali fasiri yake siku kuhani wa adui atakapoyajaza maji mapafu ya shujaa wake? Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wasomaji wa tamthilia ya Shakespeare, ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, wanamkumbuka mkopeshaji aliyedai ratili ya nyama kama ilivyoandikwa, akashindwa kwa kuwa damu haikuandikwa. Aliyeng'ang'ania herufi alinaswa na herufi.

Husemwa kwamba haya ni mchezo tu. Lakini mezani hapana askari wala gereza. Kanuni husimama kwa uaminifu wa walioketi peke yake. Mtu aonekanaye mwaminifu pale ambapo hapana adhabu ameonyesha jinsi atakavyosoma mkataba, wasia na katiba.