Muhula Uleule, Bei Mbili

Hebu tuanze na fundi wa mabomba. Akija kwako asubuhi, humlipi kabla maji hayajatoka. Akisema amemaliza na mfereji bado unakohoa hewa, mtabishana mlangoni hadi majirani watoke. Hilo ndilo wazo lililo nyuma ya mfumo ambao majimbo mengi ya Marekani hutumia kuvigawia vyuo vya umma pesa: lipia matokeo, usilipie majina kwenye rejista. Ukilisikia mara ya kwanza linaingia vizuri. Kwani nani atasimama kupinga matokeo?

Mimi nasimama, ingawa si kwa sababu nisiyapende.

Tennessee ndiyo iliyotangulia, mwaka wa 1979, na mwanzoni ilikuwa bakshishi tu: chuo kikifanya vizuri kinaongezewa kitu kidogo juu ya fungu lake. Mwaka wa 2010 sheria mpya ikageuza mambo, bakshishi ikawa mshahara. Karibu fungu lote la chuo likaanza kuhesabiwa kwa wanaohitimu na wanaovuka hatua fulani za masomo. Ohio nayo ikaelekea huko huko. Na tuseme ukweli, mfumo wa zamani ulikuwa na aibu yake. Chuo kililipwa kwa kuhesabu vichwa, kwa hivyo kilikuwa na kila sababu ya kujaza madarasa Septemba, na hakuna kilichokisukuma kuuliza nani amepotea kufikia Mei.

Sasa, karo. Chuo cha umma kule kina mifuko miwili mikubwa: pesa za jimbo na karo. Uchumi ulipoanguka 2008, majimbo mengi yalipunguza mchango wao na karo ikapanda. Mfumo wa matokeo unaweza kusukuma mambo upande huo huo, ila kwa chuo kimoja kimoja. Fikiria chuo ambacho wanafunzi wake wanafanya kazi usiku na kulea watoto mchana. Wengi wataacha njiani, fungu litapungua, na pengo lazima lizibwe. Aliye karibu zaidi na hilo pengo ni mwanafunzi aliyebaki. Yaani kazi imeharibika, landilodi amekataa kulipa, kisha fundi anapanda ngazi kugonga milango ya wapangaji.

Utaniambia jimbo linaweza kuzuia bei. Kweli, sheria ya Tennessee ya 2016 iliipa tume yake ya elimu ya juu uwezo wa kuweka mipaka ya jinsi karo inavyoweza kupanda. Halafu? Chuo kinabaki na njia nyingine, nayo haiandikwi kwenye risiti: kuchagua wanafunzi. Watafiti walioichunguza Indiana waliona vyuo vikuu vya umma vikikaza mlango wa kuingilia, na wahitimu hawakuongezeka. Katika jimbo la Washington, vyuo vya miaka miwili vilitoa vyeti vingi zaidi vya kozi fupi, si shahada zaidi. Sishangai. Ukisema utanilipa kwa idadi ya mandazi, nitakata madogo.

Tennessee, kwa haki yake, iliiona hatari hii mapema. Mwanafunzi wa kipato cha chini, au mtu mzima aliyerudi shule, akihitimu alihesabiwa na nyongeza ya asilimia 40. Na kuanzia 2015 vijana wake wanaomaliza shule ya upili wanalipiwa karo ya chuo cha miaka miwili, ile inayobaki baada ya misaada mingine. Hayo ni mema, siyakejeli.

Lakini kuna kitu ambacho nyongeza haigusi. Chukua msichana wa miaka 19 katika chuo kikuu cha umma. Amesoma mihula mitatu, mama yake akaugua, akaacha. Hesabu za digrii zikifika mezani, jimbo linasema: hapa hakuna kitu. Pengine limelipa kidogo alipofikisha krediti 30, basi. Mkopo nao unasema nini? Unasema mihula mitatu ni mihula mitatu, lipa yote, na riba juu. Na mkopeshaji mara nyingi ni serikali kuu ya Marekani. Darasa lilelile, mwalimu yuleyule, hata kiti kilekile. Mfuko mmoja wa umma unauita muhula huo hasara, mwingine unauita deni.

Hapo ndipo mfano wa fundi unapovunjika kwangu. Bomba halina mama mgonjwa. Bomba pia halilipi chochote kabla ya kazi kuanza, ilhali mwanafunzi anatanguliza karo, anaweka miaka yake, na matokeo yasipokuja yeye ndiye wa kwanza kuumia. Watetezi husema ni motisha kwa chuo. Sawa, chuo kipewe motisha. Ila kati ya jimbo lenye mamilioni ya walipa kodi na msichana wa miaka 19, nani ana mabega ya kubeba safari iliyokatika?

Sisi Kenya hatugawi pesa hivyo. Mfumo wetu wa 2023 uliwaweka wanafunzi katika makundi matano kwa uwezo wa familia. Kundi la chini kabisa ni ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Mahakama Kuu iliubatilisha Desemba 2024, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Wakati wanasheria wakivutana, watu walikuwa wanatafuta karo ya muhula. Ila neno "matokeo" wakubwa wetu wanalipenda sana, na mkopo wa HELB hauulizi kama ulivaa joho.

Siku muswada wa kulipia matokeo ukifika kwetu, nitauliza jambo moja kwenye kikao cha maoni ya umma, kama watanipa maikrofoni. Serikali ikikataa kulipia muhula kwa sababu mwanafunzi hakumaliza, je, na yeye atafutiwa mkopo wa muhula huohuo? Kama yote ni mengi, wafute nusu, tuanzie hapo.