VITI VITUPU NA HAKI YA NJIA

Kila mtu ana haki ya kumiliki motokaa aliyoinunua kwa mali yake ya halali, wala hatumlaumu mtu kwa neema aliyoruzukiwa. Lakini twauliza: je, na njia anayopita ni milki yake?

Jawabu li wazi. Njia ni mali ya shirika. Ana haki ndani yake hamali na mkokoteni wake, mzee aendaye kwa miguu, na abiria waliobanana ndani ya matatu. Majirani wanne watokao mtaa mmoja kwenda kazini mahali pamoja, kila mmoja peke yake ndani ya motokaa ya viti vitano, wamezitumia motokaa nne kwa kazi ya moja. Sisi watu wa Mombasa yatupasa kulifahamu jambo hili zaidi, kwani mji wetu ni kisiwa na milango yake ni michache: Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, njia ya Makupa, na kivuko cha Likoni. Azibaye mlango pasipo haja huwazuia wote walio nyuma yake, na huenda miongoni mwao yumo mgonjwa apelekwaye hospitali.

Singapore, nayo ni kisiwa, ilianza mwaka 1975 kuwatoza ada wenye magari waingiao kati ya mji asubuhi, ikayasamehe magari yenye watu 4 au zaidi. Msamaha huo uliondolewa mwaka 1989. Huko Zurich, mwaka 1948, watu waliungana wakamiliki magari kwa pamoja na kuyatumia kwa zamu. Na leo nchini Uswisi shirika liitwalo Mobility, lililoundwa mwaka 1997, lina maelfu ya magari ya kushirikiana. Njia ya kwanza ni amri ya serikali, na ya pili ni mapatano ya watu. Sisi twaipenda ya pili, kwani haingoji amri ya mtu, na wawili watatu waweza kuianza.

Huenda msemaji akasema: "Siwezi kumpakia nisiyemjua, na watu wangu wa nyumbani wamo garini." Udhuru huu twaukubali. Basi na aanze na jirani aujuaye mlango wake, na mwenziwe wa kazini, na watoto waendao skuli moja. Wapatane mapema juu ya saa ya kuondoka na fungu la kila mmoja katika gharama ya petroli, kwani ugomvi mwingi huzaliwa na yale yasiyosemwa. Naye apakiwaye ana wajibu wake: asimchelewesha mwenziwe, wala asingoje kudaiwa.

Mwenye motokaa haambiwi aitoe motokaa yake. Aambiwa asiichukue bure nafasi ya wenziwe. Basi kila mmoja wetu, kabla ya kutoka asubuhi, na avihesabu viti vyake vitupu, kisha amuulize jirani yake: "Waenda wapi?"