Damu ya Mtoto Asiyetulia

Mama aliyeitwa shuleni mara tatu kwa sababu mwanawe hatulii, akifika hospitali huomba jambo moja: "Mpimeni damu, daktari." Namwelewa. Amechoka kuambiwa kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anatamani karatasi ya maabara itamke kuwa kosa si lake.

Wanasayansi nao wameitafuta karatasi hiyo. Mwaka 2004, Eric Konofal na wenzake wa Ufaransa walipima damu ya watoto 53 wenye upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza, wakawalinganisha na 27 wasio nao. Feritini, protini inayotunza akiba ya madini ya chuma mwilini, ilikuwa wastani wa nanogramu 23 kwa mililita kwa wale wa kwanza, na 44 kwa wa pili. Matumaini yalikuwa na msingi, maana ubongo hauwezi kutengeneza dopamini bila chuma. Lakini tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Feritini yenyewe hupanda mtoto akiugua malaria, hata kama chuma chake ni kidogo, na wako watoto wengi wenye upungufu wa damu waliotulia tuli darasani.

Mpaka leo hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha hali hii. Daktari huuliza: dalili zimedumu miezi sita? Zilianza kabla ya miaka 12? Zinaonekana nyumbani na shuleni pia? Majibu yako kwa wanaoishi na mtoto. Nami naona ndivyo inavyopasa, kwa sababu umakini haukai mwilini kama sukari. Mtu huwa makini kwa kitu fulani, mahali fulani. Mtoto asiyemaliza mistari miwili ya imla aweza kuinamia redio mbovu saa nzima, na damu yake ni ileile.

Kiswahili kina damu nyingine, ile tunayoitaja tukisema "huyu ni damu ya babu yake." Hiyo imekaribia ukweli zaidi. Tafiti za mapacha zinakadiria kuwa asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya watoto katika jambo hili hutokana na urithi.

Basi mama, mpime mwanao. Akikutwa na upungufu wa damu atibiwe. Hiyo ni haki yake hata angekuwa mtulivu kuliko wote. Ila usiisubiri karatasi ile ikuondolee lawama. Haikuwa yako.